Kuruta Magimbi Alivyopokelewa Kihagara

Mtu wa kwanza wa Kihagara, kijiji chetu cha ziwani, kushika usukani wa lori alikuwa Hyasinti, mwana wa Avelina. Alifundishwa na bruda mmoja wa misheni, mzee wa ndevu aliyeamini kwamba kumsifu mwanafunzi ni kumharibu. Siku bruda huyo alipomwambia Hyasinti kuwa kazi yake si mbaya, majirani walikwenda kwa Avelina kumpa hongera. Kabla ya malori Hyasinti alikuwa mtumishi wa altare. Padri alimpa viatu vyake vikuukuu, na mtoto wa miaka tisa akawa anaingia kanisani akigonga sakafu kwa visigino, watu wakimgeukia hata katikati ya sala. Mama yake hakumwambia atembee polepole.

Mwaka 1940 alitembea hadi Songea akajiandikisha jeshini. Serikali ilipenda kusema kwamba vijana wetu walikwenda vitani kwa mapenzi ya Mfalme. Hyasinti Mfalme hakumjua. Alichosikia ni kwamba jeshi lina malori ya magurudumu sita. Alipelekwa Uhabeshi, akapandisha maji na risasi kwenye milima ambayo hata punda waliikataa. Huko alikutana na jirani yake, Bernadi, mume wa Otilia, aliyekuwa akibeba mizigo tu. Alimfundisha kuendesha mpaka naye akakabidhiwa lori lake. Kisha siku moja ya mvua ukingo wa barabara ulibomoka, lori la Hyasinti likalala ubavu, na bega lake la kushoto likavunjika mahali pawili. Wakampeleka hospitali ya jeshi Nairobi.

Huko ndiko balaa lilikomkuta, na lilikuja likitabasamu.

Lilikuwa Bwana mmoja wa habari, mwenye kiko na soksi ndefu, anayezunguka wodini akitazama nyuso za wagonjwa kama mtu anayechagua kuku sokoni. Alisimama kando ya kitanda cha Hyasinti. Hyasinti ana shingo ndefu na masikio yaliyokaa mbali na kichwa. Kwetu hilo halikuwahi kumzuia mtu kula wala kuoa. Bwana alifurahi sana. Alieleza kwamba anatengeneza sinema ya kuchekesha, ya kuwatoa watu woga wa vita, kuhusu mshamba mmoja aitwaye Kuruta Magimbi anayejiunga na jeshi.

Walipiga picha siku tisa. Kuruta Magimbi anafika kambini na kuku kwapani. Anampigia saluti mpishi akidhani ndiye jenerali. Anavaa buti la kulia mguu wa kushoto na la kushoto mguu wa kulia, anatembea kama bata aliyekanyaga makaa. Anapikia ugali katika kofia ya chuma. Anamkimbia mbuzi akidhani ni Mtaliano, anapanda mti, tawi linakatika, anamwangukia Mtaliano wa kweli aliyejificha chini, na kwa hiyo anapewa nishani. Hayo ndiyo yote. Watu wazima waliosoma, wenye mashine ya thamani, walikaa mezani wakafikiri, na walichofikiri ni hicho.

"Bwana," Hyasinti alisema siku ya mabuti, "hakuna kuruta anayefanya hivi."

"Ndiyo maana inachekesha," Bwana akamjibu.

Alifanya. Na tuseme ukweli, alifanya kwa moyo. Alipoona wazungu wanashika mbavu, aliuongeza ule mwendo wa bata, akautingisha na kichwa. Sinema ilipokwisha waliionyesha wodini, na askari wenye bandeji walicheka hadi muuguzi akakasirika kwa ajili ya nyuzi za vidonda. Hyasinti alilala siku ile akijiona mtu mkubwa. Hakufikiri kwamba wale waliocheka wote walikuwa wamevaa mabuti miaka miwili mitatu, na kwamba mtu anaweza kuucheka ujinga asiokuwa nao kwa raha kabisa.

Bega halikupona vizuri, jeshi likamwachia. Alirudi Kihagara mwishoni mwa mwaka 1943 na suruali mbili, redio isiyotoa sauti, na habari moja: kwamba amecheza sinema. Hakuzungumza habari nyingine. Ukimuuliza Uhabeshi kulikuwaje, anakuambia kuhusu taa za kupigia picha. Ukimuuliza habari za Bernadi, aliyebaki jeshini na baadaye akapelekwa mbele zaidi, anasema, "Bernadi hajambo, subirini mwone sinema." Alikuwa anamposa Hedwiga, binti wa katekista Kiliani, na mahari ilikuwa karibu kukubaliwa, kwa sababu katekista naye alitaka mkwe aliyeonekana Nairobi.

Mwezi wa Machi barua ya serikali ilifika kwa Otilia kupitia kwa padri. Bernadi amekufa. Barua ilikuwa na mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa namba yake ya jeshi. Tulimlilia Bernadi bila mwili, kilio ambacho hakina mahali pa kuishia.

Agosti, gari la sinema likaja.

Lilikuja likisukumwa. Mto ulikuwa umepungua lakini mchanga wake ulilimeza gari hadi kwenye mhimili, tukaitwa wanaume arobaini kulitoa. Kicheko cha serikali kilivuka mto kwa mabega yetu. Ndani alikuwamo Bwana wa Habari mwingine, kijana mwekundu wa jua, dereva wake, na karani aitwaye Nazari, mtu wa mjini mwenye miwani na kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza picha kwa Kiswahili. Bwana hakutaka kusubiri giza, alikuwa na ratiba. Basi tukaziba madirisha ya shule kwa mikeka na mablanketi, tukajazana humo saa tisa alasiri, zaidi ya watu mia mbili, joto la kuoka mkate. Avelina aliwekwa mbele, kwenye kiti cha mwalimu. Hyasinti alikaa kando yake na suruali ya jeshi iliyopigwa pasi. Otilia alikuwa ukutani, bado na kitambaa cha msiba kichwani.

Picha ikawaka. Kuruta Magimbi akatokea na kuku wake.

Kwanza kulikuwa na mnong'ono, tukamtambua, na jina la Hyasinti likapita benchi hadi benchi. Watu walifurahi, kweli walifurahi, kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akampigia saluti mpishi.

"Mwoneni Magimbi," Nazari alisema kwenye kipaza sauti, "haya, anadhani mpishi ni mkubwa wa jeshi."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa Kinyasa kama huko jeshini wapishi hawasalimiwi. Wakaja mabuti, na ule mwendo wa bata. Nazari alicheka mwenyewe ndani ya kipaza sauti ili tujue mahali penyewe. Tulitazama. Ukaja ugali wa kwenye kofia, na wanawake wakasikitika waziwazi kwa ajili ya unga. Mara moja tu shule nzima iliangua kicheko: sajini wa kizungu alipopuliza filimbi na mashavu yake yakavimba kama ya chura wa ziwani. Pale Nazari alikaa kimya, kwa sababu mahali pale hapakupangiwa kicheko. Bwana alitazama huku na huku, akaandika kitu.

Mbuzi alipoanza kumfukuza Magimbi, Avelina alisimama. Kivuli chake kikaingia kwenye picha.

"Simamisha kidogo," alisema.

"Mama, mashine haisimamishwi," Nazari akamwambia kwa adabu.

"Basi nitauliza ikienda. Huyo ni nani?"

"Ni Kuruta Magimbi, mama."

"Huyo ni mwanangu. Amevaa viatu tangu akiwa na miaka tisa, padri huyu hapa, muulizeni. Nataka kujua ni nani aliyemsahaulisha mguu wa kulia."

"Ni mchezo tu, mama. Amejifanya mjinga ili watu wafurahi."

"Watu gani?"

Bwana aliuliza mama anasema nini. Nazari akamwambia kwamba mama anajivunia mwanawe.

Ndipo Otilia aliposema kutoka ukutani, bila kuinua sauti, lakini shule ilikuwa imetulia kiasi kwamba kila mtu alisikia. "Na Bernadi alikuwa hivi? Ndivyo wanavyokufa, kwa kuanguka mtini?"

Picha ikaendelea hadi kwenye nishani, maana mashine haisimamishwi. Mikeka ikaondolewa, mwanga ukaingia, na Bwana, ambaye alikuwa hajaelewa hata neno moja, alisimama akatangaza kupitia kwa Nazari kwamba amepata bahati kubwa: nyota wa sinema yenyewe yupo hapa. Akamwomba Hyasinti aje mbele awaonyeshe watu wake ule mwendo.

Angeweza kukataa. Bega lilikuwa kisingizio kizuri. Lakini miezi minane alikuwa ameisubiri siku hiyo, na mtu aliyesubiri kitu muda mrefu hupokea chochote kinacholetwa. Alikwenda mbele, akapinda miguu, akatembea. Hatua ya kwanza, ya pili. Katika ya tatu aligeuza uso akatuona. Alisimama na mguu mmoja umepinda vile vile, kisha akaunyoosha polepole kama mtu mzee, akarudi kwenye kiti. Mama yake alikuwa ameshatoka.

Nazari alimwambia katekista baadaye kile Bwana alichoandika kwenye ripoti: kwamba watazamaji wa Kihagara walitulia kwa adabu na kufuatilia kwa makini, na kwamba sinema imesaidia uandikishaji. Hilo la mwisho halikuwa uongo. Mtu mmoja alijiandikisha, Damiano, mvuvi mpole, akisema kwamba kama jeshi linawachukua watu wa namna ile na kuwapa nishani, yeye atakuwa sajini kabla ya mavuno. Alirudi baada ya vita akiwa koplo, na mpaka leo anasema alionewa.

Na sisi? Tulimla Hyasinti mbichi. Jina lake lilikufa siku ile ile. Hata waliobatizwa naye walimwita Magimbi. Akipita, mtu humpigia saluti kwa mwiko. Katekista Kiliani alimrudishia jembe na shuka la posa. "Siwezi kumwita mkwe," alisema, "mtu niliyemwona kwa macho yangu akimkimbia mbuzi." Katekista huyo huyo aliwahi kufungiwa chooni na jogoo wa misheni asubuhi nzima, lakini hakuwa amepigwa picha.

"Nairobi walicheka hadi wakatokwa na machozi," Hyasinti alimwambia mama yake. Zilikuwa zimepita wiki mbili ambazo Avelina hakuwa amemsemesha zaidi ya kumwambia chakula kiko tayari.

"Wale walijua wewe ni dereva," Avelina alisema. "Walimcheka huyo Magimbi. Lakini aliyemtunga Magimbi, Hyasinti, alipomtunga alikuwa anamtazama nani?"

Kesho yake Hyasinti alifunga suruali zake mbili akapanda milimani, Mbinga, akapata kazi ya kuendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Bega liliuma kwenye kona, lakini usukani hauchagui uso.

Miezi mitatu baadaye gari la sinema lilipanda huko nako. Nazari alikuwa amejifunza. Wamatengo wa huko milimani ni watani wetu, wanatuita wala dagaa, nasi tunawaita wachimba mashimo kwa ajili ya ngolo zao, vishimo wanavyochimba ili kulima mteremkoni. Basi Nazari aliwatangazia kwamba Kuruta Magimbi ni mtu wa ziwani. Basi. Walicheka hadi wengine wakalala chini. Walicheka kwa kuku, kwa mpishi, kwa mabuti, na mbuzi alipotokea walimshangilia mbuzi. Sinema ile ile, upumbavu ule ule. Ulihitaji tu kupewa anwani ya jirani. Wakagundua kwamba Magimbi mwenyewe ndiye dereva wa lori la kahawa, wakambeba mabegani kuzunguka soko.

Hyasinti alipata alichokitaka, na hakukitendea vema. Mwaka mzima, siku za soko, alitembea mwendo wa bata kwa ujira wa kibuyu cha pombe. Alikuwa na njia mpya za kuanguka. Watu walitoka hata Mbuji kuja kumwona. Tulipata habari hizo ziwani, na tuliomdharau tukamdharau upya, safari hii kwa sababu nzuri.

Otilia alipanda mlima siku moja na mzigo wa usipa, dagaa wetu, wa kuuza. Aliona watu wamefanya duara, akadhani kuna ngoma. Katikati alikuwa Hyasinti, amelala chali, miguu juu, buti mkononi. Alimsubiri amalize. Watu walipotawanyika alimsogelea.

"Hujambo, shemeji."

Hyasinti aliinuka, akajipangusa vumbi. "Sijambo, shemeji. Habari za Kihagara?"

"Nzuri. Nilikuwa nimeuliza njiani ulipo. Bernadi aliniandikia kwamba wewe ulimfundisha kurudisha lori nyuma kwenye mlima, upande mmoja korongo. Alisema ulikuwa unatembea kwa miguu nyuma ya lori ukimwita, na kama breki zingeshindwa lingekukanyaga wewe kwanza. Nilitaka mtu anisimulie hizo barabara." Akajitwisha kapu lake. "Nilidhani nitampata huyo mtu hapa."

Akaenda kuuza usipa wake. Hyasinti alibaki amesimama na kibuyu. Alimfuata jioni kwa jamaa aliofikia, akakaa mlangoni, akamsimulia: milima, baridi, Bernadi alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya kwenye kona ili asiogope, siku alipoendesha peke yake mara ya kwanza akasahau kuwasha taa. Otilia alicheka, halafu akalia, halafu akauliza tena kuhusu ule wimbo. Tangu siku ile Hyasinti hakutembea tena mwendo wa bata. Walimwomba, wakamtukana, mmoja akamtupia boga. Alisema bega linauma.

Vita vilipokwisha, mwanzoni mwa mvua za 1946, alikuwa akiteremka kwenda Mbamba Bay na shehena ya kahawa, akakuta msururu wa watu barabarani, wengi wao wanawake wa kwetu wanaotoka sokoni. Gari la sinema lilikuwa limekwama kwenye kona, gurudumu la nyuma linaning'inia nusu juu ya korongo, tope linateleza. Dereva alikuwa ameruka nje na hakukubali kurudi ndani. Bwana alikuwa akipiga kelele za amri kwa gari lenyewe. Nazari alisimama mvuani, miwani imejaa maji.

"Magimbi," aliita alipomwona, "Magimbi, tusaidie."

"Mimi ni Hyasinti," alisema, akampita.

Alilitazama gari kwa chini. Alichukua magunia mawili ya kahawa ya tajiri wake akayasokomeza chini ya gurudumu, jambo ambalo lilimtia matatani baadaye. Akaingia, akakaa, akashusha kioo. Alilirudisha nyuma inchi kwa inchi, kichwa nje, mkono mmoja kwenye usukani kwa sababu ule wa bega bovu haukufika. Mara mbili tope liliondoka chini ya gari na wanawake wakafumba macho. Halafu gari likawa katikati ya barabara, zima, likitoa moshi. Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walijitwisha makapu yao.

Nazari alimfuata alipokuwa akinawa matope. "Kumbe unaendesha kweli," alisema.

"Nilikuwa naendesha wakati wote ule."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Kesho tunaonyesha Chiwanda," alisema. "Boksi lile la Magimbi naona limeingia maji. Nadhani halitafaa." Boksi lilikuwa kavu kabisa, kila mtu aliliona.

Wale wanawake walifika Kihagara kabla ya Hyasinti, na habari ilifika mbele yao. Hatukumwomba radhi, hilo lisitarajiwe kwetu. Ila alipokuja Krismasi kumtazama mama yake, hakuna aliyeinua mwiko, na Kiliani alimsalimu kwa jina la ubatizo, tena mara tatu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Hedwiga alikuwa ameshaolewa Lituhi. Hyasinti hakuuliza. Alikuwa amekuja kuzungumza na ndugu za Bernadi kuhusu kumwoa Otilia, kwa utaratibu, na baada ya kunung'unika inavyostahili, walikubali.

Walijenga Mbinga. Avelina alipozeeka alihamia kwao, akawa anawaambia Wamatengo mambo waliyokuwa hawajauliza.

Mara moja tu sinema ile ilirudi, miaka ya hamsini na kitu, kwenye sherehe ya wakulima wa kahawa. Ilikuwa imechakaa, mistari inanyesha juu ya picha kama mvua, na nusu ya mbuzi ilikuwa imekatika. Vijana walicheka kidogo, kwa uvivu. Mmoja aliyekaa karibu na Hyasinti, mgeni wa mwaka ule, alimgusa kiwiko.

"Huyu mjinga ni mtu wa wapi, mzee?"

"Sijui," Hyasinti alisema. "Huku hajawahi kufika."

Otilia alikuwa ameshasimama. Walitoka pamoja kabla ya nishani, kwa sababu lori lilikuwa limepakiwa chumvi na barabara ya ziwani haipendi kuchelewewa.